Tanuri ya Katungu Orpha

Katungu Orpha alijua kuna jambo kabla hajatoa ufunguo mfukoni. Mlango wa maabara ulikuwa wazi na ndani mlinuka sigara, na katika watu wote waliokuwa na ruhusa ya kuingia mle hapakuwa na mvutaji hata mmoja. Alisukuma mlango. Juu ya meza ya dirishani, pale tanuri yake ilipokuwa imekaa tangu arudi kutoka masomoni Ubelgiji, palikuwa na alama ya mraba isiyo na vumbi. Waya wa umeme ulining'inia ukutani. Haukuchomolewa. Ulikatwa kwa kisu, kama shingo ya kuku.

Aliinama akaangalia kufuli la mlango: zima, halina hata mkwaruzo. Ndipo damu ilipoanza kumchemka. Tanuri ya chuma inayobebwa na wanaume wanne ilikuwa imetoka mlangoni, na mlango haukuvunjwa.

Alimkuta Profesa Patrice, mkuu wa idara, ofisini kwake, akila chikwange ya muhogo na samaki. Alikuwa mtu wa Yanonge, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye tangu majeshi ya kigeni yaingie Kisangani alikuwa amejifunza kutembea karibu na kuta.

"Prof, tanuri iko wapi?"

"Keti kwanza, Orpha."

"Sikai. Iko wapi?"

Patrice alifuta vidole kwa kipande cha gazeti, kidole kimoja baada ya kingine. "Basoda wa kigeni walikuja jana jioni na bunduki. Commandant mwenyewe alikuwa ndani ya jeep. Alors, ningefanya nini? Nipigane nao na chaki?"

"Kufuli ni nzima. Nani aliwafungulia?"

Profesa alitazama samaki wake. "Mimi. Lakini usinitazame mimi peke yangu. Walikuwa wanajua chumba, walikuwa wanajua mpaka meza. Uliza ndani ya familia yako. Tonton yako Isaïe ndiye alikuwa mbele, anawaonyesha njia."

Orpha alitoka bila kuaga. Ujana wake wote alikuwa amefundishwa kwamba kumpa mkubwa mgongo bila kuaga ni kumtukana. Siku hiyo alitaka amtukane.

Ili ieleweke kwa nini sanduku la chuma lenye shimo katikati lilimtia mtu wazimu namna hiyo, lazima isemwe alichokuwa anakifanya nalo. Orpha alikuwa mwalimu wa kemia. Alirudi nyumbani na boksi la vibao vya kioo kigumu, aina isiyopasuka motoni, na kila kibao kilikuwa kimepakwa utando wa titani mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Titani ni chuma. Ukiichoma vizuri inageuka oksidi, kitu cheupe kama chokaa, na oksidi hiyo ina tabia moja ya ajabu: ikiwa ndani ya maji na jua likaipiga, inaunguza uchafu na vijidudu vinavyoigusa, bila moshi, bila dawa. Mji unaokunywa mto unahitaji kitu cha namna hiyo. Tabu ni kwamba utando bapa una uso mdogo. Maji mengi yanapita bila kuugusa, na jua linazama kabla kazi haijafika nusu.

Alijaribu mwaka mzima. Alichoma kwa moto mkali, alichoma kwa moto wa taratibu, akapata rangi za zambarau na dhahabu zilizowafurahisha wanafunzi na zisizosafisha lolote. Kisha akafikiri: labda hewa ndiyo inayoharibu. Labda titani inakula oksijeni kwa pupa, kama mtoto mwenye njaa, inavimbiwa, inakaa bapa. Je, ikilishwa kidogo kidogo? Alitaka kupitisha mvuke wa pombe safi, inayobeba oksijeni kidogo, ndani ya bomba la tanuri, ila pombe safi ya maabara ilikuwa imeisha tangu vita vianze. Akaenda Kabondo kwa mama Nyota, aliyepika lotoko, ile gongo ya kienyeji, kali kuliko wote mtaani, akainunua, akaichemsha upya mpaka ikawa safi kama machozi. Mvuke wake ulifukuza hewa yote kutoka kwenye bomba, ndipo akapandisha moto.

Alipolifungua bomba limepoa, kile kibao hakikung'aa tena. Juu yake palikuwa pameota kitu cheupe, laini, kama ukungu juu ya mkate uliosahauliwa. Chini ya hadubini aliona nyuzi. Nyuzi maelfu kwa maelfu, nyembamba mno, zimepandana na kushikana, hazina mwanzo wala mwisho. Wavu mzima ulioota kutoka kwenye utando uleule. Alikitia kile kibao ndani ya maji yenye rangi ya buluu, akayaweka juani pamoja na kibao cha utando bapa. Maji ya kibao bapa yalishinda buluu mpaka jioni. Maji ya wavu yalikuwa meupe kabla watoto hawajatoka shule.

Madina, muuguzi wa kituo kidogo cha afya Mangobo, ndiye mtu wa kwanza aliyemwonyesha. Madina hakuuliza habari za nyuzi. Alisema tu, "Nipe mingi ya hiyo. Magonjwa ya tumbo imejaa hapa." Hiyo ilikuwa mwezi wa tano mwaka elfu mbili, mara baada ya yale majeshi mawili, yaliyokuja mjini yakiwa marafiki, kupigana tena katikati ya nyumba za watu.

Na sasa tanuri haipo.

Alipanda toleka. Kijana wa baiskeli alijaribu kumzungumzisha, akaona uso wake, akanyonga pedali kimya mpaka Makiso.

Duka la jumla la Mumbere Isaïe lilikuwa na mbele ya kuuzia na nyuma ya kuhifadhia: magunia ya mchele, chumvi, sukari, sabuni, na makayabo ya samaki wa chumvi yanayonuka mpaka barabarani. Mzee Isaïe alitoka Butembo akiwa kijana, akajenga biashara hiyo kwa mikono miwili, akamlea Orpha tangu baba yake alipofariki. Yeye ndiye aliyempeleka shule ya masista. Yeye ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege alipokwenda Ulaya, akalia mbele za watu bila aibu. Orpha alimpenda kuliko alivyompenda mtu yeyote aliye hai, na hiyo ndiyo iliyoifanya hasira yake iwe na miiba.

"Tonton, ni kweli?"

Isaïe alikuwa anapima mchele. Aliendelea kupima. "Pita ndani. Mambo ya familia hayasemwi barabarani."

"Ulipowapeleka basoda ndani ya maabara yangu, hukujali barabara."

Tantine Kanyere, mke wa Isaïe, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua majani ya pondu, aliinua kichwa. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia Orpha akisema na mjomba wake hivyo.

Isaïe aliweka kibaba chini. "Bon. Sikia. Commandant ananunua dhahabu ya vumbi kutoka msituni. Anataka kuiyeyusha hapa nyuma ya duka, isafiri kama donge. Aliniuliza nani mwenye moto mkali ndani ya mji. Nikisema sijui, kesho asubuhi hii dépôt iko majivu. Uliona walichofanya kwa yule jirani wetu wa mafuta? Uliona?"

"Ungesema sijui."

"Anajua uko mutoto wangu! Anajua unafanya kazi na moto! Orpha, kichwa yangu iko ndani ya kinywa ya mamba. Mutu mwenye kichwa ndani ya kinywa ya mamba hasemi hapana."

"Kwa hiyo ukatia na changu."

Alimpita, akaenda moja kwa moja uani, kwenye chumba cha nyuma. Tanuri ilikuwa pale, imeunganishwa na jenereta ya duka, ile waliyoiita groupe. Walikuwa wamelitoa bomba lake la kioo na kulitupa juu ya magunia matupu. Kwa bahati halikuvunjika. Mdomo wa tanuri ulikuwa umechafuka, mweusi, una matone ya madini yaliyokauka kama makamasi. René, fundi wa dhahabu wa yule kamanda, alikuwa ananawa mikono.

Orpha aliliokota lile bomba, akalipangusa kwa kitenge chake. Alitaka apige kitu. Badala yake akamgeukia mjomba wake, aliyekuwa amemfuata.

"Hawawezi kunirudishia?"

"Hawawezi."

"Basi mimi nitakuja hapa. Asubuhi ni yao, wakiisha ni yangu. Mafuta ya groupe ni yako, na lotoko utanunua wewe. Usiniambie hapana, tonton. Hiyo hapana ungemwambia yule mwingine."

Isaïe alitazama jenereta yake. Akaitikia kwa kichwa.

Ikawa hivyo. Kila siku baada ya mafundisho Orpha alikwenda Makiso, akakwangua uchafu wa dhahabu wa watu, akaingiza bomba, akachemsha lotoko yake, akachoma vibao. Kamanda alipita mara moja, mtu mrefu mwenye miwani ya jua na Kiswahili safi cha nchi yake, akasimama mlangoni akicheka.

"Hivi ndivyo vioo vyako, madamu? Titani ni ghali?"

"Hapana. Haina faida kwako. Inasafisha maji tu."

"Maji!" alisema yule kamanda, akacheka tena, akaondoka. Kicheko hicho Orpha alibaki nacho. Alipokuwa anaingiza kibao kipya alikisikia, alipokuwa anasubiri moto upande alikisikia. Alifanya kazi kwa meno yaliyobana. Vibao vingi viliharibika, kwa kuwa tanuri iliyotumika kuyeyushia dhahabu haikushika tena joto sawasawa: upande mmoja nyuzi ziliota, upande wa pili utando ulibanduka na kujikunja kama majani makavu. Hata hivyo alipata vibao vizuri vya kutosha kupanga kwenye sinia, na alikuwa amekusudia kuvipeleka kwa Madina Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita.

Jumatatu ile ndipo vita vilipolipuka.

Alikuwa amefika dukani mapema kuchukua sinia yake. Mlio wa kwanza ulitoka upande wa mto Tshopo, ukajibiwa kutoka upande wa pili wa mji, na kabla hajageuka mabomu yalikuwa yanapita juu ya mapaa. Isaïe alivuta milango ya chuma. Walioweza kukimbilia ndani walikimbilia: Yakubu, fundi cherehani wa jirani, mke wake na watoto wao, na Hélène, mwanamke kijana aliyeuza mikate kwenye veranda ya duka, na binti yake mdogo mgongoni. René wa dhahabu alikuwa ameshatoweka tangu usiku. Yeye alikuwa na watu wa kumwonya mapema.

Walijipanga nyuma ya magunia ya mchele na chumvi, wakalala kifudifudi. Majeshi yote mawili hayakuwa ya mji huo. Hakuna hata askari mmoja kati yao aliyekuwa na mama Kabondo au kaburi Mangobo. Walirushiana moto juu ya vichwa vya watu kama wanaogombania mfupa mezani kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko chini ya meza. Orpha alilala na shavu lake kwenye saruji akafikiri hivyo, na hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba woga haukupata nafasi.

Maji ya bomba yalikatika siku ileile. Palikuwa na kisima kifupi uani, na siku ya kwanza walikunywa humo. Hawakujua kwamba bomu lililoangukia nyuma ya ukuta lilikuwa limepasua choo cha jirani, na kwamba choo hicho kilikuwa kinavujia kisimani. Makaa ya kuchemshia yaliisha usiku huo.

Binti wa Hélène alianza kuharisha alfajiri. Alikuwa mtoto mnene, mcheshi, ambaye Orpha alizoea kumpa kipande cha sukari kila alipopita. Jioni macho yake yalikuwa yamezama na ngozi ya tumbo, ukiifinya, ilibaki imesimama. Wakamnywesha maji. Maji yaleyale. Nani angejua? Alikata roho asubuhi iliyofuata mikononi mwa mama yake, bila hata kulia, na Isaïe alimchimbia shimo chini ya ukuta kwa koleo la mchele, huku risasi zikigonga mabati. Hélène hakupiga ukemi. Alikaa akitazama mikono yake.

Ndipo Orpha alipochota maji ya kisima kwa bilauri, akayanusa, akaelewa.

"Hakuna mutu wa kunywa tena," alisema. "Maji iko na choo ndani."

"Tutakunywa nini?" Yakubu aliuliza. "Mate?"

Alichukua sinia yake. Alichuja maji ya kisima kwa kitenge kilichokunjwa mara nyingi, akayamimina kwenye mabeseni meupe ya tantine Kanyere, kina cha vidole vichache tu, na chini ya kila beseni akalaza vibao, nyuzi zikitazama juu. Yalibaki mabeseni yenye maji mazuri kwa macho, ndani ya chumba chenye giza. Kazi ya zile nyuzi haifanyiki gizani. Lilihitajika jua, na jua lilikuwa uani, na uani ndiko vipande vya mabomu vilikokuwa vinaanguka.

"Hakuna mutu anatoka," Isaïe alisema, akasimama mbele ya mlango wa uani.

"Toka, tonton."

"Nimeshazika mutoto mumoja leo. Siziki wawili."

"Ulimwonyesha muuaji mlango wa maabara yangu. Huu hutaufunga kwa ajili yangu." Alisema kwa sauti ya chini, mbele ya Yakubu, mbele ya tantine, mbele ya Hélène. "Toka."

Isaïe alisogea. Orpha alitambaa na beseni la kwanza akilisukuma mbele yake juu ya saruji, akaliacha katikati ya ua, akarudi kuchukua la pili. Alipogeuka alimwona mjomba wake naye yuko chini, mzee mwenye tumbo, anasukuma beseni la tatu kwa viganja, anahema, jasho linamdondoka. Hakumwambia asante.

Jua la mwezi wa sita lilikuwa kali siku hiyo. "Namshukuru Mungu," tantine alisema mara nyingi. Walipoyarudisha mabeseni alasiri, Orpha aligawa mwenyewe. Watoto wa Yakubu kwanza, kisha mama yao aliyekuwa ananyonyesha, kisha Hélène, ambaye ilibidi afumbuliwe kinywa. Kidogo kidogo, kwa kikombe cha kahawa, na kila kikombe chembe ya chumvi na kijiko cha sukari kutoka magunia ya duka. Vibao vilikuwa vichache na mabeseni vilevile. Maji safi hayakuwatosha wote. Tantine alipewa nusu kikombe. Isaïe alinyoosha mkono na kikombe chake, midomo imepasuka kwa kiu.

"Hii ni ya watoto na wamama," Orpha alisema. "Wewe kunywa ya kisima."

Isaïe alimtazama kitambo. Kisha alikwenda kwenye ndoo ya maji ya kisima, akachota, akanywa, akapangusa mdomo.

Orpha alijiambia ni haki. Watoto walikuwa wanahitaji. Hesabu ya maji haikuwa na huruma kwa yeyote. Yote hayo yalikuwa kweli. Pia ilikuwa kweli kwamba yeye mwenyewe alikunywa yale safi, na kwamba ndani ya yale maneno kulikuwa na utamu, na utamu huo aliujua.

Siku iliyofuata ilikuwa na mawingu nusu. Mabeseni yalikaa nje muda mrefu zaidi. Mtoto wa pili wa Yakubu, aliyekuwa ameanza kuumwa tumbo, alitulia. Hakuna mtoto mwingine aliyeanguka. Isaïe ndiye aliyeanguka. Alianza kutapika alipokuwa anarudisha beseni, na kufikia usiku alikuwa ametokwa na maji yote mwilini, sauti imekwisha, misuli ya miguu inamkaza mpaka anauma kitambaa.

Tantine Kanyere alikaa kichwani pake. Kwa maisha yake yote alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Orpha," alisema, "umemupa azabu ya kutosha, ao bado?"

Orpha alisogea karibu. Alichota kikombe, akatia chumvi, akatia sukari, akamwinua mjomba wake kichwa. Alimnywesha kijiko, akasubiri, kijiko, akasubiri. Alilia huku anamnywesha, na machozi yale hayakuwa ya toba peke yake. Alikuwa bado amekasirika. Alimkasirikia kwa kuwaonyesha wale watu njia. Alimkasirikia kwa kunywa maji ya kisima bila kubisha, kama mtu anayelipa. Alimkasirikia yule kamanda na kicheko chake, na majenerali wa pande mbili, na yeye mwenyewe. Kijiko, akasubiri.

"Usife," alimwambia sikioni. "Sijamaliza kukugombeza."

Isaïe alitikisa midomo kama anayetaka kucheka, akatapika tena.

Hakufa. Bunduki zilipokuja kunyamaza, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja wakitazama mji wao uliotobolewa kila mahali, yeye alikuwa amelala kwenye mkeka, amekonda kama ufito, lakini anakunywa mwenyewe. Madina alifika kwa miguu kutoka Mangobo kuona nani yuko hai. Orpha alimpa sinia yote, vibao vyote, akamweleza jinsi ya kuvilaza. Madina alivifunga ndani ya kanga kama anayebeba mtoto mchanga, akarudi zake. Alikuwa na wagonjwa mpaka kwenye veranda.

Alasiri ileile lori la jeshi lilisimama mbele ya duka. Watu wa kamanda walikuwa wanahama, na walikuwa wanabeba. Walitaka dhahabu iliyobaki, walitaka jenereta, walitaka tanuri.

Orpha alisimama kwenye mlango wa ua. Kabla hajafungua kinywa aliona mkono umeshika fremu kando yake. Isaïe alikuwa amenyanyuka kwenye mkeka, na shuka imemzunguka kiunoni.

"Groupe ni yangu, chukua," alimwambia sajini aliyekuwa mbele yao. "Dhahabu ni yenu. Ile tanuri si yangu, sikuwa na ruhusa ya kukupatia mara ya kwanza. Rudi bila yake."

Sajini hakubishana. Alimpiga kwa kitako cha bunduki kwenye bega, mzee akaanguka juu ya magunia, na askari wanne wakapita, wakanyanyua tanuri, wakatoka nayo. Orpha aliwafuata mpaka barabarani. Lori lilipoanza kuondoka aliokota kipande cha tofali akalirushia, akaokota kingine, akapiga kelele kwa maneno ambayo masista hawakumfundisha. Yakubu alitoka, naye akarusha. Hélène alitoka. Alikuwa hajasema neno tangu mtoto wake afe. Alisimama katikati ya barabara na kupiga ukelele mmoja mrefu ambao ulifungua milango yote ya mtaa, na watu wakatoka wakapiga kelele pamoja naye, barabara nzima, mpaka lori lilipopinda kona.

Tanuri haikurudi. Madina alitumia vibao mpaka nyuzi zilipokwanguka na maji kuanza kuchelewa kusafika, miezi kadhaa.

Chuo kilipofungua tena, Profesa Patrice aliita kikao cha idara. Alikuwa ameandaa tamko la hasara zote, kwa ajili ya wafadhili waliotaka kujua kilichopotea. Alilisoma kwa sauti yake ya chini. Alipofika kwenye tanuri, tamko lilisema iliharibiwa na mabomu.

"Hapana," Orpha alisema.

"Orpha, je t'en prie. Vita iliharibu kila kitu. Ni neno moja tu."

"Bomu halijagusa maabara hii. Tanuri iliibwa kabla ya mabomu. Andika iliibwa. Andika nani alifungua mlango."

Patrice alitabasamu kwa uchovu. "Una shahidi gani? Neno lako peke yake?"

"Yuko nje."

Alikwenda akafungua mlango. Mzee Isaïe alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni, amevaa koti lake la misa ambalo sasa lilimpwaya, mkono mmoja bado haunyanyuki vizuri. Aliingia, akavua kofia, akasalimu wote.

"Mimi naitwa Mumbere Isaïe, mufanya biashara," alisema. "Niliwaonyesha basoda hii chumba. Muheshimiwa hapa aliwafungulia. Hakuna bomu. Tulikuwa na woga, sisi wawili. Mutie jina yangu kwanza, kisha yake."

Patrice alichukua kalamu. Alikata mstari ule, akaandika mwingine juu yake, na Orpha alisimama nyuma ya bega lake mpaka neno la mwisho.

Njiani kurudi hapakuwa na toleka. Walitembea kuelekea Makiso, mzee akisimama mara kwa mara kupumua, na Orpha akisimama naye, bila kumshika mkono.

"Bado una hasira?" Isaïe aliuliza.

"Bado."

"Na mimi?"

"Na wewe pia, tonton."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akavuta pumzi, wakaendelea.